Kahawa ya Mgeni

Fimbo ya Datius ilizama kwenye lundo la majivu nyuma ya jiko, ikachokoachokoa, ikatoka bila kitu. Alikuwa anatafuta mtambo wa enkonyagi, ile pombe kali ya kupika kwa kificho. Kokushubila alisimama mlangoni akimtazama kijana huyu wa mgambo, ambaye Karugendo mumewe ndiye aliyemfundisha kupogolea mibuni.

Balozi wa nyumba kumi, mzee Kaijage, alikuwa amekaa kwenye kigoda, ananuka lubisi, pombe ya ndizi. Akaeleza kwa upole wa mtu aliyeshiba kwamba kijiji cha ujamaa hakijengwi na walevi. Lubisi ni ruhusa, ila baada ya kazi. Enkonyagi ni marufuku. Bangi ndiyo usiiguse kabisa, hiyo ni jela.

"Na kahawa je, waitu?" Kokushubila akamtania. "Nayo inamnyima mtu usingizi."

"Kahawa ndiyo inayotuvisha, Mama. Tukiikataza hiyo, hata mimi nitatembea uchi."

Wakacheka. Ndani, Karugendo akaguna.

Uvimbe ulimwota kooni tangu msimu wa kuchuma, na sasa hata mate yake mwenyewe yalipita kama miiba. Damian wa zahanati aliwapa aspirini, akasema kweli bila kuficha: dawa ya kunyamazisha maumivu kama yale ipo, lakini sheria imeiweka pamoja na sumu, katika kabati la hospitali kubwa, na haitoki kwenda nyumbani kwa mtu. Wabebaji wakaja na machela kumpeleka huko. Karugendo akashika nguzo ya kitanda, akasema atafia kwenye kibanja, shamba lao la migomba, alikozikwa baba yake.

Hapo ndipo Kokushubila alipokumbuka majani ambayo mama mkwe wake aliwanywesha ng'ombe walioumwa tumbo. Miche miwili ilikuwa imesimama katikati ya migomba. Kila jua likielekea kuzama alichemsha majani kidogo tu, akamnywesha mumewe kwa kijiko, na mumewe akalala mpaka majogoo. Jina la majani yale kwa sheria alilijua. Alijua pia kwamba Karugendo analala.

Datius akarudi, akapangusa majivu kwenye kaptula. Hakuna kitu, akasema, twende. Kaijage akainuka.

Lakini mgeni haondoki kwa Mhaya mdomo mtupu. Ukimwacha aende bila kutafuna kahawa, umemfukuza. Kokushubila akawaomba wangoje, akaingia jikoni, akanyoosha mkono darini juu ya moshi, mahali buni zilizochemshwa hukaushwa zikiwa zimefungwa kwa maganda makavu ya mgomba. Majani yale nayo aliyafunga hivyo hivyo. Kahawa fundo moja, dawa fundo moja. Karugendo akaguna tena, kwa nguvu, na vidole vyake vikafanya haraka. Akampa balozi kifurushi kwa mikono miwili, amepiga magoti.

Kaijage akafungua. Akanusa majani makavu. Datius naye alikwisha kuona.

"Mama," Kaijage akasema polepole, "ungetunyima tu. Tulikuwa tunaondoka."

Kokushubila akawaeleza yote, bado amepiga magoti. Datius alisikiliza huku akitazama chini, kisha akaenda migombani akang'oa miche yote miwili na mizizi yake. Kifurushi akakitia mfukoni, kiwe ushahidi. Alitaka waende na Kokushubila kituoni papo hapo. Kaijage akamsihi, akajitolea kuwa mdhamini wake, na ikakubaliwa mama huyo aende asubuhi.

Jua lilikuwa limeshagusa migomba. Ndani, Karugendo alikuwa amegeuza uso mlangoni, mdomo wazi kidogo, kama kinda la ndege. Hakuwa amesikia kitu. Ilikuwa saa yake ya kijiko.

Kokushubila akapapasa darini. Kifurushi kimoja. Fundo moja. Akalifungua, akakaa kitandani, na kwa kuwa mume alikuwa anangoja, akamwekea buni moja ulimini.

Karugendo akaimumunya. Macho yake yakabaki wazi, yakimtazama.