Punje Nyeupe Kwenye Sanduku la Seneta

Jotham aliiona punje ile akiwa anafunga sanduku tupu, na moyo ukamwenda paa! Ilikuwa punje moja ya mahindi meupe, imelala kwenye maranda, pale pale njiwa wake alipokuwa amesimama muda mfupi uliopita.

Sasa wewe utasema, punje ya mahindi ndiyo nini? Ngoja kwanza. London hii, mahindi meupe huyapati kwa muuza chakula cha njiwa hata ukilia machozi. Wao wana ya manjano, tena yamevunjwavunjwa. Mahindi meupe, makubwa, yalikuwa mahali pamoja tu katika nyumba ya Jotham kule Hounslow: ndani ya begi la mamake, Mama Rispa, aliyeyabeba kutoka kwao Vihiga akiyaficha katikati ya leso, eti mwanawe asije akasahau githeri, yale mahindi ya kuchemsha na maharagwe.

Na njiwa mwenyewe alikuwa ameshaingizwa kizimbani, mwisho kabisa wa safu, na kengele ilikuwa imelia. Kwenye maonyesho haya ya njiwa ya Harrow, kengele ikilia wenye njiwa hutoka wote, husimama nyuma ya kamba na kufunga midomo. Jaji hatakiwi kujua ndege ni wa nani. Ukimwita ndege wako, ukimkaribia, hata ukimwulizia tu, umejitoa mashindanoni. Hakuna cha samahani.

Njiwa huyo aliitwa Seneta. Ni dume la Gaditano, aina ambayo Wahispania wa Kadizi wameilea vizazi na vizazi kwa ajili ya koo lake. Gaditano huvuta hewa akaujaza mfuko wa kooni mpaka kifua chote kinakuwa mviringo, kisha anatembea kwa madaha mbele ya majike. Jotham alipomwona mara ya kwanza akijifutua namna hiyo, alisubiri tu aanze kuahidi barabara na maji ya mfereji. Jina likajileta lenyewe.

Lakini mfuko ule una masharti yake. Ukijaa hewa ni pambo, ukijaa chakula ni mzigo. Ndiyo maana asubuhi ya maonyesho njiwa wa aina hii halishwi. Na mahindi makavu, mazima, hayo ndiyo balaa lenyewe, kwa sababu yakipata maji yanafura, mfuko unalegea na kuning'inia, chakula hakishuki, na ndege anaweza kufa. Ukumbini mle hakuna mfugaji asiyelijua hilo.

Mama Rispa hakulijua, na nani angemwambia? Mwanawe alimwambia tu jioni, "Mama, huyu hali kitu mpaka tutoke Harrow." Basi! Hakueleza sababu. Unamwambia mama wa Kimaragoli kwamba kuna kiumbe kinasafiri kesho bila kula, halafu unaenda kulala? Mama yule hajawahi kumwacha hata mgeni wa jirani atoke kwake na tumbo tupu.

Jotham aliigeuza punje kiganjani. Pengine alimpa mbili tatu tu, alijiambia. Pengine nyingi zilimwagika. Akainua macho akamtazama mamake.

Mama Rispa alikuwa amekaa kiti cha mbele upande wa wageni, na gauni lake la kanisani, kofia ya manyoya na stokingi za kahawia, mkoba mapajani. Kesho kutwa alikuwa anarudi nyumbani. Muda wote aliokaa London alikuwa akimsikia mwanawe, mtu mzima anayepakia mizigo uwanja wa ndege, akizungumza na njiwa nyuma ya nyumba, na alikuwa akitikisa kichwa. Wenzake Jotham wamejenga vijijini. Yeye amejenga banda la njiwa. Mwaka baada ya mwaka alikuwa akitoka wa pili, nyuma ya rafiki yake Rajesh, na leo kwa mara ya kwanza alikuwa na ndege wa kumshinda. Alitaka kikombe, naam, lakini zaidi alitaka mamake amwone akipigiwa makofi, hata mara moja, apate la kusimulia atakapofika.

Basi alifanya nini? Alinyamaza. Alikitia kile kipunje mfukoni na akanyamaza.

Jaji alikuwa Mzee Alnashir, mzaliwa wa Mombasa, mtu ambaye siku ya kuamua hamsalimu hata ndugu yake. Alikuwa akisimama mbele ya kila kizimba, anagonga waya kwa kijiti chake, anatoa mlio wa chini kooni kumchokoza ndege ajifutue, halafu anatazama. Anatazama! Unaweza kumaliza chai, yeye bado anatazama. Jotham alikuwa akiuma ndani ya shavu.

"Aisee," Rajesh alimnong'oneza kutoka ubavuni, "yule wa mwisho leo amefura kweli kweli. Umeniua, ndugu yangu."

Jotham aliigusa punje mfukoni. Ni kweli, kutoka mbali Seneta alionekana mkubwa kuliko wote. Hata Mzee Alnashir alikuwa amemtupia jicho akiwa katikati ya safu, na nyusi zikampanda. Kikombe kilikuwa pale mezani, kinang'aa.

Kisha Seneta akaenda kwenye kikopo cha maji.

Wacha, Jotham alisema moyoni. Wacha maji, baba, tafadhali wacha. Seneta alizamisha mdomo na kunywa, tena kwa pupa, kama ndege aliyekula vikavu. Akanyanyua kichwa. Akanywa tena. Mahindi yale yalikuwa yakilowa mle ndani, na Jotham mzima amesimama nyuma ya kamba anahesabu vizimba vilivyobaki! Mikono ya Jotham ililowa jasho, na huo ni mwezi wa Novemba, wa baridi.

Bado kidogo, alijiambia. Jaji amebakisha wachache. Akimfikia tu, akimtazama tu, nitamtoa.

Mzee Alnashir akagonga, akasubiri, akasogea. Seneta akaacha kutembea. Alisimama pembeni mwa kizimba, miguu imetanuka, na mfuko ule uliokuwa umeinuka sasa ulikuwa umeinama mbele. Mdomo ukafunguka. Mama Rispa, ambaye hajui lolote la njiwa wa Uhispania lakini amefuga kuku maisha yake yote, aliegemea mbele kwenye kiti.

Jaji alikuwa kwenye kizimba jirani. Akagonga. Akatoa ule mlio wake. Akatazama, Mungu wangu, akatazama. Na Seneta akapiga magoti, mfuko ukagusa sakafu, macho yakaanza kufumba.

Jotham aliruka kamba.

"Ni wangu! Huyo ni wangu!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mzee Alnashir aliteremsha kijiti pole pole.

"Umejitoa," alisema.

"Nimejitoa. Mfungue, Mzee, anakufa!"

Mzee hakubishana. Alimtoa Seneta mwenyewe, akampapasa mfuko kwa vidole viwili, na uso ukamwiva. Akiwa na hasira Mzee Alnashir Kiingereza humkimbia, akarudi kwenye Kiswahili cha Mombasa moja kwa moja.

"Mahindi! Mahindi mazima, yamejaa mpaka juu! Mwendawazimu gani kampa njiwa huyu mahindi siku ya maonyesho?"

Mama Rispa alikuwa amesimama. Maneno hayo aliyaelewa yote. Mkono wake ulikuwa mdomoni.

"Ni mimi," Jotham alisema.

"Wewe?" Rajesh alimshangaa. "Acha mchezo! Wewe ndiye ulinifundisha mimi..."

"Ni mimi, nilisahau. Basi!"

Kuna aliyecheka nyuma. Jotham alijua kicheko hicho kitamfuata miaka, kila maonyesho, kila chai. Aibu ilimchoma mpaka masikioni. Lakini Mzee alikuwa tayari ameacha kufoka.

"Ya nini kusimama? Aning'inizwe wima, mfuko uinuke, chakula kipate njia. Nani ana stokingi?"

Hiyo ndiyo dawa ya wafugaji tangu zamani: ndege anaingizwa miguu kwanza, anabanwa, kichwa kinabaki nje. Ila wanaume walitazama mabuti yao, na wanawake wawili wa klabu ya wafugaji walikuwa na suruali za jinzi. Kabla mtu hajasema neno, kiatu kilianguka sakafuni, ko! Mama Rispa, mzee wa kanisa, mwanamke ambaye hata mvua ikinyesha hapandishi gauni, alikuwa ameinama mbele ya kadamnasi akiivua stokingi yake ya mguu wa kulia.

"Shika," alimwambia mwanawe. "Usinitumbulie macho, shika!"

Kikombe alikichukua Rajesh. Makofi waliyasikia wakiwa mlangoni.

Ndani ya treni ya Metropolitan watu walijitahidi wasitazame. Mama Rispa alikaa wima, mguu mmoja mtupu, mkono juu, stokingi inaning'inia na kichwa cha Seneta kinachungulia. Jotham alikuwa na sanduku magotini.

"Nipe nikushikie, mama. Utachoka."

"Wacha."

Treni ikasimama kituoni, ikaondoka.

"Nilimsikia alfajiri," Mama Rispa alisema. "Analia. Nikasema, hata kama ni mashindano, atashindanaje na njaa? Nikampa. Akamaliza, nikamwongeza." Akaitazama stokingi. "Ulijua ni mimi."

Jotham alitoa punje mfukoni akamwonyesha. "Niliiona kwenye sanduku."

"Uliiona lini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa amedanganya mara moja siku hiyo, na ilimtoka vizuri.

"Kabla jaji hajaanza."

Mama Rispa alimgeukia. "Kabla hajaanza. Na ukasimama pale ukimtazama mpaka akaanguka?"

"Nilitaka ukione kikombe, mama. Uone kwamba na mimi..."

"Mimi nilimlisha kwa kutojua," mamake alisema taratibu. "Wewe ulijua, Jotham. Kikombe ningekila?"

Jotham aliinamisha uso kwenye sanduku na kulia, treni ikiwa imejaa watu, na hakujali. Mamake hakumbembeleza. Alimwacha alie, mkono wake ukiwa juu vile vile.

Halafu akashtuka. "Ala! Ni nini hii?"

Doa bichi lilikuwa limetua kwenye gauni la kanisani. Jotham alilitazama, akaushika ule mfuko wa kooni kwa vidole, polepole. Ulikuwa umepungua kidogo.

"Amekunya, mama! Chakula kinashuka!"

"Juu ya gauni langu la Jumapili," alisema Mama Rispa, na sasa machozi yalikuwa yakimtoka yeye. "Seneta kweli huyu."

Wakabadilisha treni kituo cha Rayners Lane. Jukwaa lilijaa watu na baridi ilikuwa inakata. Jotham alinyoosha mkono tena, na mamake akaupiga kofi. Alitangulia yeye, mguu mtupu ndani ya kiatu, stokingi ameiinua juu ya kofia yake ya manyoya, akimwambia kila aliyekutana naye, kwa Kiswahili, apishe njia, kuna mgonjwa.