Mistari Iliyochorwa Upya

Tuovi alikatazwa mambo mawili tu: asiingie sauna, chumba cha kuoga mvuke wa mawe ya moto, na asifute mistari ya wino aliyochorwa kifuani ili mashine ya mionzi ilenge pale penye saratani. Daktari wake alichanganya mionzi na dawa kali za saratani, akaongeza na dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Tiba ilikuwa ya majaribio, na asiyeshika masharti alitolewa. Tiba nyingine hakuwa nayo.

Wiki nne alivumilia. Jumamosi wakaja mawifi zake, sauna ikawashwa, na kumweka Mfini, mtu wa Ufini, nje huku wenzake wanamwagia mawe maji ni kumtonesha kidonda. Akaingia. Alipotoka, mstari hauonekani hata kwa dawa.

"Lete kalamu," alisema mumewe Ensio, seremala mstaafu. "Nimepima milango ya watu miaka arobaini, titi la mke wangu ndilo linishinde?"

"Pima vizuri, mzee. Hili si kabati."

Akachora kwa rula, ulimi nje. Wakacheka, wapumbavu wale wawili.

Jumatatu Marjukka, mtaalamu wa mionzi, alimlaza akapiga picha ya kuhakiki, kama kawaida. Akapiga ya pili.

"Tuovi, mistari imehama. Karibu sentimita mbili. Hukuigusa?"

"Mie? Niiguse ya nini?"

"Basi ni mimi. Ijumaa niliipitia upya kwa mkono wangu." Mama wa watu akavua miwani. "Miaka ishirini na sita sijawahi kukosea hivi. Nisamehe, dada. Leo hatuwashi mashine. Naenda kuandika ripoti, nijishtaki mwenyewe. Ndivyo tunavyofanya hapa."

"Hakuna neno," alisema Tuovi. "Binadamu hukosea."

Marjukka akamshukuru. Akamshukuru! Tuovi akajichukia papo hapo, akaona bora ardhi ipasuke immeze.

Watu wa kule hawaoni haya kwa uchi. Tangu utotoni Tuovi amekaa uchi na majirani, wake kwa waume. Sasa alivuta shuka hadi kidevuni, uso unamwaka. Akiungama, tiba inakwenda. Akinyamaza, anapona kwa kuchafua jina la mwenzake.

Mlango ulikuwa unajifunga nyuma ya Marjukka.

"Marjukka!" aliita. "Rudi na hiyo ripoti. Uandike jina langu."