Siku Elvi Aliponigombeza

Mke wangu Elvi aliporudi kutoka hospitali, alirudi na adabu. Hilo ndilo lililonisumbua mwisho wa kiangazi kile, wala si kovu la kifuani au vile vidonge vya rangi saba. "Asante, Ilmo." "Samahani, Ilmo, nakusumbua." "Ukipenda, Ilmo." Miaka arobaini na moja nimeishi na mwanamke ambaye hajawahi kuniomba kikombe bila kwanza kunieleza nilivyokiosha vibaya mara ya mwisho, halafu narudishiwa mtu wa namna hii. Nilitamani kurudi kule niwaulize kama walinipa wangu kweli.

Msinielewe vibaya, nilishukuru. Wiki tano nilikaa peke yangu katika nyumba yetu ya ghorofa ya tatu hapa Kotka, mji wa bandari huku kaskazini kwenye theluji, nikila viazi vya kuchemsha nikiwa nimesimama mbele ya sinki, na kila simu ikilia naikimbilia na uma mkononi. Siku alipoingia mlangoni, akavua viatu na kuvaa soksi zake za sufu, nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie nikilia. Alikuwa hai, na hilo lilinitosha kwa siku mbili hivi. Kisha nikaanza kuona kwamba anakaa tu kwenye kiti cha dirishani, ametulia kama mgeni anayengoja basi.

Jioni zikaanza kuingia mapema. Mimi wakati huo naupenda kuliko wote, ingawa watu wa hapa hujidai kukililia kiangazi. Mishumaa inarudi mezani. Blanketi zito linatoka kabatini. Hata redio nyumbani kwetu huwa tamu zaidi giza likiwa nje na sisi tukiwa ndani. Binti yetu Marjut alituletea ndoo nzima ya matunda mekundu ya msituni, yale machachu, nikawa nayatia kwenye uji wa asubuhi. Mikate ya iliki nilinunua dukani, kwa kuwa mwokaji wa nyumba hii alikuwa dirishani.

"Ni mizuri sana, Ilmo," akasema Elvi.

Mikate ya dukani! Huyu ndiye aliyewahi kumwambia mwokaji wa mjini, mbele ya foleni, kwamba iliki na unga wake hawajawahi kukutanishwa.

Nikaanza kumchokoza. Nilitembea ndani na viatu. Nilipindua kalenda ya ukutani, miguu juu. Asubuhi moja nikamtilia maziwa kwenye kahawa, yeye anayeinywa nyeusi tangu siku ya kipaimara chake. Akainywa yote, akanishukuru, akageukia dirisha. Hapo niliogopa kweli. Daktari alishasema moyo umepona vizuri, kilichobaki ni atembee, kila siku aongeze kidogo, na kwamba asipotembea tutarudi tulikotoka. Nilimwomba twende hata mpaka kwenye sanduku la barua pale chini.

"Kesho, ukipenda," alijibu. Ikawa kesho hiyohiyo kwa wiki tatu.

Basi mwezi wa tisa ukaingia na mazulia hayajafuliwa. Huku kwetu nyumba haiwezi kupokea baridi na mazulia machafu, ni kama kwenda kanisani na matope miguuni. Kila mwaka Elvi huyapeleka mwenyewe ufukweni, kwenye meza za kufulia za mtaa, akayasugua kwa brashi na sabuni ya msonobari, akayapitisha kwenye mashine ya kukamua, akayaanika kwenye vyuma na kuyaacha pale siku mbili yakauke kwa upepo wa bahari. Hakuna anayeiba zulia la mtu. Kazi yangu miaka yote ilikuwa kusukuma kigari na kufunga mdomo.

Mwaka huu nilikisukuma peke yangu. Nilifua manne: la jikoni, la chumbani, la ukumbini, na lile kubwa la sebuleni ambalo Elvi alilifuma mwenyewe kwa vipande vya nguo zetu kuukuu mwaka aliozaliwa Marjut. Nililowa mpaka soksi. Lakini jua lilikuwa bado na nguvu kidogo mgongoni, povu lilinukia vizuri, na rangi zilivyokuwa zinafufuka chini ya brashi nikajikuta napiga mluzi. Nikaelewa kwa nini hajawahi kunikabidhi brashi. Kumbe alikuwa anajifichia raha.

Siku ya tatu mawingu yakajikusanya, nikaenda mbio kuyachukua kabla ya mvua. Niliporudi nikayatandaza yote. La sebuleni nikaliweka la mwisho, nikapiga magoti nikanyoosha kona moja moja. Nyumba nzima ikanukia msonobari. Nikamwita Elvi aje aone.

Akaja, akasimama mlangoni mwa sebule. Akalitazama zulia, akanitazama mimi, akalitazama zulia tena.

"Ilmo."

"Naam."

"Hiki ni nini?"

"Zulia."

"La nani?"

"Letu," nikasema. "La bluu."

Nikaona shingo yake inaanza kuwa nyekundu, kuanzia chini kwenda juu.

"La bluu? Ilmo! Miaka thelathini na minne unalikanyaga zulia langu, unalilalia ukitazama kwenye televisheni watu wanaoteleza kwenye theluji, umelimwagia supu ya njegere mara ngapi sijui, halafu unaniletea zulia la watu? Hayo ni macho au vifungo?"

"Bluu si bluu?"

"Bluu si bluu, anasema! Letu lina mstari mwekundu, ni koti la marehemu mama yangu lile! Hili lina nini? Lina njano! Wewe umewahi kuona njano inakaa ndani ya nyumba yangu?"

Mdomo ukanipanuka wenyewe. Nilibaki pale chini, mikono juu ya zulia la mtu nisiyemjua, macho yakaanza kuniwasha.

"Na unacheka!"

"Sicheki."

"Simama basi! Mvua inakuja, zulia langu liko nje kama halina wenyewe, na kuna mtu huko anatafuta lake. Aibu gani hii. Koti langu liko wapi? Likunje hilo. Si hivyo, kwa urefu! Nani alikufundisha kukunja, kreni ya bandarini?"

Ni kweli, nilikuwa dereva wa kreni. Nilikunja kwa urefu.

Tukateremka ngazi. Elvi alishika chuma kwa mkono mmoja, na mwingine akautumia kunionyeshea. Kwenye ghorofa ya pili nilikuwa kipofu. Kwenye ya kwanza nilikuwa mtoto wa mama yangu, ambaye naye hakujua kufua. Chini kabisa akasimama kuvuta pumzi, mkono kifuani, nami nikasimama karibu naye nikihesabu pumzi zake kimoyomoyo, roho mkononi.

"Unangoja nini?" akauliza.

"Wewe."

"Mimi naenda. Sukuma!"

Njia ya dakika kumi ilituchukua nusu saa, na benchi mbili katikati. Majani ya kwanza yalikuwa yameshaanguka barabarani. Hakuyatazama, maana alikuwa na mengi ya kusema.

Ufukweni lilikuwa limebaki zulia moja tu kwenye vyuma, na kando yake alisimama mama mmoja mfupi, amevaa koti la mvua, mkono ameuweka juu ya zulia letu kama anayemshikilia mtuhumiwa. Baadaye alituambia anaitwa Saimi.

"Ndio nyinyi?" akapaza sauti. "Nimesimama hapa saa nzima! Nilijua si mwizi. Mwizi hawezi kuacha zulia zuri hivi akachukua langu. Nikasema huyu ni mwanamume."

"Samahani sana, mama," nikasema. "Ni kosa langu."

"Kosa lako, la nani tena? Mtu mzima na mvi zako hujui zulia lako mwenyewe! Akili umeziweka wapi? Mume wangu angenifanyia hivi angelala kwenye ngazi. Nyinyi wanaume mkiambiwa mchukue hata—"

"Dada," akasema Elvi.

Hakupaza sauti. Mama yule akamgeukia hata hivyo.

"Zulia lako hili hapa, kavu, halina doa. Tunakuomba radhi kwa kukusimamisha kwenye upepo. Lakini huyu ni wangu. Akihitaji kugombezwa nipo, na ninaijua kazi hiyo kuliko mtu yeyote hapa Kotka. Amefua mazulia manne peke yake, na goti lake bovu. Wako alifua mangapi?"

Saimi akamtazama, akanitazama, kisha akaangua kicheko mpaka kofia ya koti ikamvuka kichwani.

"Wangu hajui hata ufuko uko upande gani," akasema. Akalipokea zulia lake akalipakata. Kabla ya kuondoka akapitisha kiganja kwenye letu. "Umefuma mwenyewe? Una mkono mzuri."

"Mstari wa tatu umelegea," akasema Elvi, kwa sauti ya mtu anayejua kabisa kwamba haujalegea.

Tulipobaki wawili, Elvi akakaa kwenye benchi. Nikaliteremsha zulia, nikaliweka mapajani mwetu, lilikuwa na baridi kidogo lakini kavu. Akawa anapitisha kidole kwenye mistari. Mwekundu wa mama yake. Kijivu cha suruali yangu ya kazini. Bluu ya mapazia ya chumba chetu cha kwanza, kile kilichokuwa na panya. Mimi niliyasahau yote hayo, yeye alikuwa ameyaweka sakafuni tuyaone kila siku.

"Unanikodolea nini?" akauliza.

"Nakusikiliza."

"Sijasema kitu."

"Endelea kusema tu." Kisha nikasema lililokuwa moyoni. "Wiki tatu hujanigombeza, Elvi. Nimekutilia maziwa kwenye kahawa ukanywa. Nilidhani umeshaondoka, umeniachia mwili tu niutunze."

Kidole chake kikasimama kwenye mstari mwekundu.

"Asubuhi ile kabla ya kupasuliwa," akasema, "nililala pale nikajaribu kukumbuka neno moja zuri nililokuambia mwaka huu. Moja tu. Nikalikosa. Nililokumbuka ni vile nilivyokusema kuhusu kisu cha siagi. Nikaahidi kwamba nikitoka hai, siku zitakazobaki zitakuwa za upole. Ili ukija kunikumbuka, umkumbuke mtu mwema."

"Siku zitakazobaki! Daktari amesema umepona."

"Madaktari wanasema mengi. Naogopa, Ilmo. Kila nikisimama naogopa."

Nami nilikuwa naogopa, tangu siku ile ya simu ya kwanza ya hospitali, na nikamwambia hivyo. Sikumbuki kama nilishawahi kumwambia jambo la namna hiyo. Kisha nikasema:

"Lakini huyo mtu mpole simjui. Akifa yeye, sitajua hata nimlilie vipi."

Elvi akafumba macho. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya zulia, zulia lake safi, jambo ambalo ningelifanya mimi ningefukuzwa nyumbani. Akanishika mkono akaubana kwa nguvu, na nguvu ilikuwepo, niliisikia mpaka kwenye mifupa.

"Ile kahawa ilikuwa mbaya kupita kiasi," akasema.

"Najua."

"Na ile mikate. Mungu wangu, ile mikate!"

Tulirudi polepole. Ngazi alizipanda kwa kupumzika kila ghorofa, na mara hii hakuongea, alikuwa anatumia pumzi zake kupanda. Tulipofika ndani alikuwa amechoka, rangi imempauka, nikataka kumlaza, akakataa. Alikaa kwenye kochi, nikamfunika miguu kwa blanketi, nikawasha taa na mshumaa, nikaweka sufuria ya kahawa jikoni. Nikaanza kutandaza.

"Umeligeuza," akasema kutoka kwenye kochi.

Zulia la matambara halina juu wala chini, pande zote mbili ni sawa, hilo hata mimi nalijua. Nikaligeuza. Akainamisha kichwa, akalitazama, akasema hapana, lilikuwa bora mwanzo, na kwamba nisukume upande wa dirisha kidogo, kidogo nimesema, sasa umezidisha. Mvua ikaanza kupiga vioo. Kahawa ikaanza kunukia, Elvi akaniambia inaungua, mtu mzima hajui hata kuchemsha kahawa, na mimi pale sakafuni, magoti yananiuma, nikamshukuru Mungu kwa kuniumba na makosa mengi.