Dada wa Bibi Harusi

1

HOTELI MAWE MATATU, MWANZA
FOMU YA MAOMBI YA KAZI: MAPOKEZI

Jina: Kokutona Byabato
Mwaka wa kuzaliwa: 1983 (kiapo cha mahakama kimeambatishwa)
Watoto: Hakuna
Wanaokutegemea: Mdogo wangu wa kike, Abela, miaka 14

Ninathibitisha kwamba niliyoandika ni kweli. Ikibainika vinginevyo nitaachishwa kazi bila majadiliano.

Sahihi ipo. Imenyooka.


2

Sasa tuseme ukweli, maana fomu haikuusema.

Kokutona alizaliwa mwaka 1975. Abela ni mwanawe, alimzaa mwenyewe, kwa uchungu wa siku mbili, katika zahanati moja huko Muleba ambayo mlango wake ulikuwa pazia. Baba wa mtoto alikwenda Kahama kutafuta maisha, akayapata, akaoa huko huko. Miaka kumi na miwili iliyopita hoteli ilipotangaza kazi, ilitaka wasichana wasiozidi thelathini. Yeye alikuwa na thelathini na saba na uso ambao bado ulikuwa haujamsaliti. Akasema cheti cha kuzaliwa kimepotea. Akaenda mahakamani, akala kiapo, akajikata miaka minane.

Miaka inakatika. Mtoto hakatiki. Mwanamke wa 1983 angekuwa amemzaa Abela akiwa na miaka kumi na mitano, na Kokutona, ambaye hakuona haya kumdanganya hakimu, aliona haya ya hilo. Akamwandika mwanawe kuwa mdogo wake.

Wewe unayesoma, usimkunjie uso. Au mkunjie tu. Wako bado unakunjika.


3

TANGAZO
Kwa: Wafanyakazi wote wa mapokezi
Kutoka: Ofisi ya Meneja

(a) Mapokezi ni sura ya hoteli.
(b) Mfanyakazi ambaye mwonekano wake hauendani na hadhi mpya ya hoteli atapangiwa majukumu mengine, yakiwemo ya dobi na stoo ya mashuka.
(c) Hakuna atakayebaguliwa kwa sababu ya umri.
(d) Picha mpya za vitambulisho zitapigwa mwisho wa mwezi.

A. Nyanda, Meneja


Kipengele (c) ndicho kilichowaambia wote kwamba ni umri.


4

Kaunta ya mapokezi, saa nne asubuhi. Anayeuliza ni Shija, msichana wa zamu, miaka ishirini na mitatu, hana baya na mtu.

"Dada Koku, kwani una miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Acha! Mama yangu ana arobaini na tatu, na wewe unaonekana..." Akasita. "Yaani mama yangu amechoka sana."

"Pokea simu, Shija."

"Haijaita."

"Itaita."

Vitu ambavyo Kokutona alikuwa akivifanya hadi siku hiyo:

kupaka nywele rangi kila baada ya wiki mbili, shina kwa shina;
kuvaa mkanda wa tumbo hadi pumzi ikawa ya kukopa;
kuacha miwani ya kusomea nyumbani na kukariri majina ya wageni kabla hawajafika;
kusema "sijui" kila wimbo wa zamani ulipopigwa, huku mguu wake chini ya kaunta ukijua.


5

Abela alirudi kutoka kazini akakuta mama yake anachambua mchele. Ana miaka ishirini na sita sasa, ni mfamasia, mrefu, na hushusha sauti anapokuwa na jambo.

"Mama, Renatus anataka kuleta barua ya posa."

"Mungu mkubwa! Lini?"

"Jumamosi ijayo. Watakuja na mjomba wake. Ndiye msemaji wao." Akavua kiatu kimoja. Kingine akakisahau mguuni. "Mjomba wake ni Bwana Nyanda."

Ungo ukatua mezani.

"Nyanda yupi?"

"Mama. Mwanza ina mameneja wangapi wa Mawe Matatu?"

Tangu lini? Tangu siku Abela alipopeleka chakula hotelini, Renatus akiwa amekuja kumwona mjomba wake, akamuuliza wewe ni nani, naye akajibu alivyofundishwa: nimemletea dada chakula. Hivyo Renatus anajua kwamba Abela ana dada. Anamsalimu huyo dada kila Jumapili. Amewahi kumletea samaki.

"Nitamwambia ukweli," Abela akasema.

"Ukimwambia yeye, umemwambia mjomba. Ukimwambia mjomba, mimi sina kazi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ngoja nifikirie."


(Hapa namba sita hadi kumi na tatu zimekatwa. Ni nane, kama ile miaka. Zilikuwepo.)


14

Chumba kiko nyuma ya saluni, kati ya maboksi ya nywele bandia na mlango wa choo. Mwenyewe anaitwa Zuhra. Ana glavu, ana sindano, ana taa ya mezani, na ana uso laini kama yai ambao ndio tangazo lake.

"Umri?"

"Arobaini na moja."

"Mimi siyo mwajiri wako, mama. Umri?"

Nje mtu anasukwa, anapiga kelele kwamba wanamvuta.

"Arobaini na tisa."

Alikuwa hajalitamka neno hilo mbele ya mtu asiye ndugu. Lilimtoka kama jino.

"Basi tutaanza na paji," Zuhra akasema, "tushuke kwenye macho, halafu mashavu tuyajaze kidogo. Wote mnaokuja hapa mna kitu kimoja. Mnaomba msionekane mmefanya."

"Inauma?"

"Ndoa ilikuuma?"

"Sikuolewa."

"Basi itakuuma kidogo."


15

MAELEKEZO KWA MTEJA (soma ukiwa umetulia)

Usiiname kwa saa nne.
Usilale kifudifudi.
Usisugue.
Usikae karibu na jiko.
Ukiona jicho moja halifanani na jingine, subiri wiki mbili. Likiendelea, njoo. Usiende kwa mtu mwingine.
Matokeo hudumu miezi minne. Baada ya hapo, njoo.
Baada ya hapo, njoo.


16

Ilikubali.

Paji likawa shwari. Nyusi ya kushoto tu ndiyo iliyobaki juu kidogo, kama ya mtu asiyeamini anachoambiwa, na mgeni mmoja kutoka Singida akalalamika kwamba dada wa mapokezi amemtazama kama mwizi. Lakini picha ya kitambulisho ilipigwa, na Bwana Nyanda akaishika mbali na macho yake (yeye pia anahitaji miwani, ila yeye huivaa pale pale, mbele ya watu, bila kuogopa stoo ya mashuka).

"Sasa hii ndiyo sura," akasema. "Tena karibu utakuwa shemeji yetu, siyo? Mdogo wako anaingia kwetu."

"Ndiyo, bosi."

"Hufurahi?"

"Nimefurahi sana."

Alimaanisha. Uso haukupeleka habari.


17

Barua ya posa ilipokelewa na kaka zake Kokutona. Yeye alikaa jikoni na wasichana, akikaanga ndizi. Mwanamume mmoja wa upande wa Nyanda alichungulia, akasema dada wa binti naye bado anaoleka. Wakacheka. Alicheka kwa mdomo.

Wageni walipoondoka Abela akamfuata.

"Wamekubali tarehe."

"Vizuri, mwanangu."

Abela akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani kwenye mwanga, kama anavyofanya mtu anayesoma maandishi madogo kwenye kichupa cha dawa.

"Umefurahi au hujafurahi?"

"Nimekwambia vizuri."

"Nimesikia. Sikuoni."


18

Editha, dada yake Kokutona, miaka sitini, mwalimu mstaafu, alishuka kutoka Muleba na ndoo ya senene, panzi wa kukaanga, na begi moja. Akanywa maji. Akasikiliza mpango mzima bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

Mpango: kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti, Editha atakaa kiti cha mama mzazi.

"Ngoja nielewe," akasema. "Nimzae Abela."

"Ndiyo."

"Na wewe ni dada yake Abela."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikuzae na wewe."

Kokutona akaisogeza ndoo ya senene ukutani.

"Koku. Nilikubeba mgongoni, hilo sikatai. Lakini kukuzaa? Nilikuwa na miaka kumi na moja!"

"Kwa karatasi ungekuwa na kumi na tisa."

"Kwa karatasi!" Akalitema neno hilo pembeni kama ubawa wa senene. "Halafu huo uso. Nimefika nikadhani umepata habari mbaya, ukawa unajikaza."

"Dada, nitafukuzwa. Nina miaka arobaini na tisa. Nani ataniajiri na umri huu?"

Editha akauliza tu sare ya mama ni rangi gani. Jibu lenyewe mimi sina. Kama wewe unalo, lilete.


19

Kundi la simu: KAMATI YA SENDOFU YA ABELA

Mwenyekiti: Ndugu wa Muleba, kumbusho. Siku hiyo Koku ni DADA. Watoto pia waambiwe.

Auntie Jeni: Na bibi?

Mwenyekiti: Bibi abaki nyumbani. Bibi hawezi uongo.

Auntie Jeni: Sare ya akina mama zambarau, ya akina dada pichi. Koku anashona ipi?

Kokutona anaandika...

Kokutona anaandika...

Kokutona: Pichi.


20

Ujumbe wa sauti, Abela kwa mama yake, dakika moja na sekunde arobaini. Umesikilizwa mara tisa.

"Mama, usinipigie, nina wateja. Nataka niseme tu. Nilipokuwa kidato cha kwanza tulifanya mazoezi jikoni, unakumbuka? Unasema 'mimi ni nani,' najibu 'dada.' Nikikosea unanifinya. Halafu tunacheka. Nilidhani ni mchezo. Halafu nikapasuliwa kidole tumbo, daktari akatoka akasema mzazi aingie, na wewe ukabaki umesimama kwa sababu mhasibu wenu alikuwa kwenye foleni. Nilikuona kupitia ule mlango. Sikukasirika, mama. Nilielewa, na hiyo ndiyo mbaya, kwamba nilielewa nikiwa na miaka kumi na sita. Sitaki ufukuzwe. Na sitaki kuanza nyumba ya watu kwa... Karibu, kaka, dawa ya nini? Ngoja kidogo. Mama, siku ile watanipa sahani ya keki nimpelekee mama yangu, mbele ya watu mia tatu, na miguu yangu sijui ita..."


21

RATIBA

9:00 Wageni kuketi
9:30 Binti kuingia
10:00 Binti kumtafuta mchumba wake kati ya wageni na kumtambulisha
10:30 Binti kumpelekea mama mzazi keki ya shukrani
11:00 Chakula


22

Saa kumi kamili Abela alitembea kati ya meza, akajifanya hamwoni Renatus, akampita mara mbili, akamshika shati mjomba mmoja mzee na kusema siyo huyu, ukumbi ukavunjika mbavu, kisha akamkuta na kumvuta mbele. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwetu. Ni mchezo unaojua mwisho wake.

Kokutona alikuwa meza ya saba, gauni la pichi, pamoja na Shija na wasichana wenzake wa mapokezi. Bwana Nyanda alikuwa meza ya mbele, miwani usoni. Editha alikuwa kwenye kiti kilichofungwa utepe wa zambarau.

Saa kumi na nusu.

Wakampa Abela sahani. Akapiga hatua sita kuelekea kwenye utepe wa zambarau.

Akasimama.

Hakulia, hakugeuka, hakumtazama mtu. Alisimama tu katikati ya ukumbi na keki yake.

Mshereheshaji, kijana wa kukodiwa ambaye hajui lolote, akadhani binti amepotea. "Mama mzazi asimame tumwone!"

Macho yakamwendea Editha. Editha hakusimama.

"Magoti yamekataa," akasema, kwa sauti ya mwalimu wa darasa la watoto themanini. "Mimi nimekaa tu. Tafuteni mwenyewe."

Meza za Muleba zikacheka. Halafu zikakumbuka, zikanyamaza. Bwana Nyanda akaweka glasi chini na kugeuza kiti chake, taratibu, kutazama ukumbi.

"Dada Koku," Shija akanong'ona. "Una maji usoni. Unalia?"

Hakuna aliyeweza kujua. Uso ulikuwa umetulia kama dirisha lililofungwa, na machozi yalishuka juu yake kama mvua ya upande wa nje. Abela, katikati ya ukumbi, sahani imeanza kuinama upande mmoja.

Kokutona akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Anayejiinua hushika hivyo.

Anayejizuia hushika hivyo hivyo.

"Narudia," mshereheshaji akasema, "mama mza..."