Upanga wa Afisa wa Plastiki

Wewe unayesoma, ulipita pale. Usijitie hukumbuki. Ulipita mbele ya meza ya Mansuetus, fundi saa wa Mbinga, kwenye kile kibaraza mkabala na stendi, na ulipofika usawa wake ukageuza shingo kana kwamba kuna mtu amekuita upande wa pili. Hakuna aliyekuita. Saa yako ilikuwa ndani ya droo yake, imeshapona tangu mwaka themanini na tisa, na mkononi ulikuwa umevaa ile ya plastiki yenye namba zinazowakawaka.

Enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa milango, zilileta mengi, na mengine tuliyahitaji. Hakuna anayetaka kurudi kupanga foleni ya sabuni. Lakini saa zile za plastiki zilishushwa kwa maboksi, zikifa zinatupwa, na wenye saa za kutia ufunguo, walizonunua mwaka ule kahawa ilipolipa vizuri, wakaziacha kwa fundi bila hata kuaga. Zilikuwa arobaini na moja. Kila moja Mansuetus aliitia kwenye bahasha yake ya kaki, akaandika jina la mtu na kijiji: Mapera, Lipingo, Mbaha. Na kila Jumamosi alizitoa zote, akazitia ufunguo, mafuta yasigande ndani.

Siku nyingine zote alikaa tu. Mwaka tisini na tatu vidole vyake vikaanza kutetemeka. Skrubu ikimponyoka, haiokotwi tena. Hakumwambia mtu, hata mkewe Walburga. Aliogopa jambo moja: siku mwenye saa atakaporudi, amkute Mansuetus amekaa palepale na ufundi umekwisha kuondoka.

Aliyemwokoa ni Mwanahawa, muuza mitumba. Asubuhi moja aliweka juu ya meza boksi lililobonyea.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Umeleta nini?"

"Nimefungua robota la midoli, nikakuta haya. Watoto hawayataki, eti yamekatika vipande. Nikasema, vitu vidogo hivi, nani mwenye macho yake kama si wewe?"

Mansuetus akavaa kioo chake cha jichoni. Juu ya boksi palichorwa askari wa makoti ya buluu na kofia ndefu kama debe, na jina la Napoleon, yule Mfaransa aliyemsoma shule ya misheni, aliyetaka Ulaya nzima iwe shamba lake. Ndani mlikuwa na fremu za plastiki ya kijivu. Mikono, vichwa, bunduki na ngoma vimening'inia humo kama kahawa kwenye tawi.

Akaanza kuchuma. Kila kipande alikikata kwa wembe, akakisugua kovu lake, akakipanga kwenye kisosi kwa utaratibu uleule wa saa iliyofunguliwa. Gundi ilikuwa tone la thina kutoka kwa wapaka rangi wa magari, kwa ncha ya sindano. Plastiki inalainika, unabana, unahesabu hadi thelathini, mkono umeshika bega. Mwanahawa alipoteremka Mbamba Bay kuuza nguo, alirudi na mabaki ya rangi za kuandikia majina ya mitumbwi, buluu na nyeupe, ndani ya vichupa vya dawa. Nyekundu ya mabegani ilikuwa rangi ya kucha ya Mwanahawa mwenyewe. Brashi ilikuwa nywele tatu za sikio la mbuzi.

Askari sita wa kwanza walibambuka rangi yote. Ndipo alipogundua kwamba plastiki hutoka kiwandani na mafuta mwilini, inatakiwa iogeshwe kwa sabuni kwanza. Akawakwangua, akawaogesha, akaanza upya. Alipofika askari wa ishirini, akichora mikanda miwili myeupe inayopishana kifuani, alisimamisha brashi na kuvitazama vidole vyake. Vilikuwa vimetulia.

Jioni hiyo alisali rozari akishukuru kwa mkono wake. Tangu hapo jina la Mwanahawa halikukosekana, Mwislamu ndani ya rozari ya Mmatengo Mkatoliki.

Likabaki jambo moja. Afisa wao, mwenye mkono ulioinuliwa juu, upanga wake ulivunjikia kwenye robota na haukuonekana. Egidi, mbeba mizigo wa stendi, alikuja kucheka kila siku.

"Fundi, huyu bwana mkubwa anaomba lifti ya Songea?"

"Subiri apate upanga, atakukata mdomo."

Walburga ndiye aliyesema lililokuwa moyoni mwa mumewe. "Droo imejaa mishale ya saa. Chukua mmoja wa sekunde, ni upanga mtupu. Wenyewe wameshasahau."

Mansuetus akatoa bahasha ya mtu wa Lipingo. Akafungua saa. Kibano kikaushika mshale ule mwembamba, na mkono wake, mzima kabisa sasa, haukuwa na kisingizio. Saa ilikuwa inatembea. Akaachia kibano.

"Akija leo nitamwambia nini? Kwamba nimempa Napoleon?"

Akafunga. Afisa akaendelea kuomba lifti.

Wiki iliyofuata Mwanahawa alikuja, akasimama, hakukaa. "Fundi, nina aibu. Saa yangu bado ipo?"

Ilikuwepo. Aliiacha mwaka tisini, akanunua ya plastiki, na tangu hapo akawa anapita upande wa pili wa barabara. Boksi lile alilileta kwa sababu neno "nisamehe" lilimshinda.

Mansuetus akatoa bahasha, akamwekea saa sikioni. Mwanahawa akasikiliza mlio wake, kisha akamtazama afisa pale mezani.

"Toa ule mshale wa sekunde, mpe huyo."

"Hapana, mama. Itakuwa kilema."

"Saa yangu au yako?"

"Yako."

"Basi toa. Mimi nauza nguo, sekunde nazipeleka wapi?"

Akautoa. Tone moja la thina, hesabu thelathini. Afisa akapata upanga unaometa, mkono wa fundi haukutikisika hata kidogo, na Mwanahawa akaondoka na saa yake mkononi, ikienda. Mansuetus alimsindikiza kwa macho hadi alipopinda sokoni, akajifuta uso kwa kitambaa cha kufutia vioo. Miaka minne, na huyu ndiye wa kwanza kurudi.

Bado bahasha arobaini. Jina lako liko juu ya mojawapo, na Jumamosi iliyopita aliitia tena ufunguo. Usiseme utakwenda ukipata nafasi, ulishasema. Funga ukurasa huu, vaa viatu, vuka barabara upande wa kibaraza, umwamkie, umwambie umefuata saa yako. Leo, kabla hajafunga meza.