Nyasi za Kitalu cha Sita

Kituo cha utafiti kilikuwa na vitalu kumi vya majaribio ya ukame, na juu ya kila kimoja paa la plastiki lililokinga nusu ya mvua. Mwaka wa nne ulipofika nyasi zote zilikuwa zimekauka zikawa rangi ya katani, isipokuwa za kitalu cha sita. Humo Daktari, mtafiti mkuu, alikuwa amepanda mbegu yake aliyoichagua mwenyewe, nazo zilistawi kana kwamba ukame ni habari ya jirani.

Daktari hakuwa na neno lingine mdomoni. Kesho yake alikuwa akutane na wafugaji awaambie: ng'oeni nyasi za zamani, pandeni hizi.

Fundi wa vitalu, waliyemwita Mama Vipimo kwa sababu hata unga wa uji wa wanawe aliupima kwa mizani, hakuipenda miujiza. Asubuhi ya siku ya mkutano aliwahi kazini, akachukua koleo, akachimba pembeni mwa kitalu cha tano, kile kilichoonekana kimekufa kabisa. Mizizi ilishuka, ikashuka. Akatia mkono hadi begani asifike mwisho. Akahamia cha sita. Mizizi mifupi, laini kama ndevu za mahindi, yote juujuu. Nyasi zenye kiu huyafuata maji chini. Hizi zilikuwa zinaletewa mezani.

Hakumaliza kujifuta udongo, mlinzi akatokea kibandani na birika mkononi, uso bado umelowa. Mlinzi huyo alikuwa baba mkwe wake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unafukua kama fuko?"

"Baba, hayo maji unayapeleka wapi?"

"Kwa mgonjwa wangu." Akainama, akamimina yaliyobaki kwenye kitalu cha sita, taratibu, kama anayemnywesha mtoto dawa. "Siku ya kwanza nilimkuta yuko hoi. Nikasema, mimi nanawa, huyu anakufa mbele ya macho yangu?"

"Tangu lini?"

"Tangu uliponileta. Miezi kumi. Sijakosa hata siku moja." Alisema kwa fahari.

"Na hawa wengine tisa?"

"Birika ni moja, mwanangu. Huwezi kulea ukoo mzima."

Mama Vipimo aliketi juu ya ndoo. Ni yeye aliyemwombea mzee kazi hii. Tangu mkewe afariki alikuwa amekaa kitini miezi, hasemi ila kulalamika kuwa mchuzi hauna chumvi. Hapa kituoni mgongo ulinyooka, akaanza hata kutania. Akisema ukweli, mzee ataondolewa, na nyumbani mume na mawifi watamla yeye mbichi. Angeweza kusema bomba lilivuja. Nani angejua?

Wafugaji wangejua. Wangejua kiangazi kijacho, nyasi zenye mizizi ya urefu wa kidole zitakapokauka wiki ya pili na za zamani zimeshang'olewa.

Akapiga simu pale pale, mzee akisikia.

"Daktari, kitalu cha sita kimemwagiliwa kila siku kwa miezi kumi. Usiwaambie watu wapande."

"Nani alimwagilia?"

"Mlinzi. Ni baba mkwe wangu. Mimi ndiye niliyemleta, na sikumweleza kazi ya yale mapaa."

Daktari hakufoka, ingekuwa nafuu angefoka. Alisema mkutano atauahirisha, mlinzi akabidhi funguo jioni, na yeye Mama Vipimo aandike maelezo yote, na kiasi cha maji.

Alipokata simu hakuweza kumtazama mzee.

"Kumbe nimewaharibia," mzee akasema.

"Umeharibu, baba. Na mimi nimeharibu zaidi."

"Ungenyamaza tu."

"Ningeweza kunyamaza."

Mzee akakuna kidevu, akatazama shimo la kitalu cha tano. Akapiga goti kwa shida, akaingiza mkono, akapapasa kwa muda mrefu. "Lo! Huyu yuko hai huku chini?"

"Yuko hai."

"Na mimi nilimpita kila siku nikijua ni maiti."

Akasimama, akajipangusa, akaenda bombani kujaza birika. Aliporudi aliliweka mbele ya Mama Vipimo pamoja na silinda ya kupimia.

"Pima. Ila usiandike birika zima, utawadanganya tena. Kwanza nilikuwa nanawa uso na miguu. Toa hayo."

Akainama, akaanza kunawa polepole, kama kila asubuhi, mkwewe akisubiri na kalamu.