Joho la Kina Tambwe

Nondo walianzia kwapani, wakapanda begani, wakateremka mgongoni, lakini shingo ya joho hawakuthubutu kuigusa. Pale kwenye shingo na kifua uzi wa dhahabu ulilala mzito kama siku fundi alipoukata kwa meno, na hakuna aliye hai Bukavu ajuaye siku hiyo ilikuwa lini. Babu wa babu yake Salwa alikuja nalo kutoka Ujiji, amelivaa. Hiyo ndiyo mali waliyorithi kina Tambwe: joho, habari ya joho, na nyumba ya Buholo yenye paa linalovuja.

Salwa alilitandaza kitandani, miguuni pa mama yake. Maman Mosi alikuwa ameegemea ukuta, anapumua kwa kuhesabu. Kwa kuwa umeme siku hizi huja kama mgeni asiyependa kulala, chupa ya insulini ilikaa ndani ya chungu cha mchanga uliolowa. Ilikuwa moja, na dawa iliyomo ilikuwa ya siku tatu. Salwa ni mwalimu wa shule ya msingi, na tangu benki za mji zifungwe hajaona mshahara.

"Usipeleke ku soko ya Kadutu," mama alisema. "Kule batakutupia mu balo ya mitumba pamoja na majinzi ya bazungu bafu."

"Sasa wapi, Mama?"

"Kwa Fikiri. Alioa ndani yake."

"Nani hakuoa ndani yake?"

Na kweli. Kuanzia Buholo hadi Nyamugo, kijana wa Kiislamu aliyefunga ndoa alifunga akiwa amevaa joho la kina Tambwe. Halikukodishwa hata mara moja, liliazimwa. Siku ya tatu bwana harusi alilirudisha likinukia udi, pamoja na sinia la vitumbua, na Maman Mosi alimwombea dua ya watoto. Huo ndio ulikuwa ujira wake wote.

"Na usimwambie kama niko mugonjwa," mama aliongeza. "Sisi hatuombake. Sema tu tunauzisha."

Mzee Fikiri, aliyeitwa tonton, mjomba, na watoto wote wa mtaa, alikuwa na duka la vitenge Nyawera, na alipomwona Salwa na furushi alicheka meno yote nje.

"Salwa! Nani anaoa?"

"Hakuna, tonton. Tunaiuzisha."

Kicheko kilikaa usoni mwake kidogo, kisha hakikuwa na kazi tena. Alilifungua joho juu ya meza, akaweka pua shingoni. "Siku ile nilikuwa mwembamba kama ufito," alisema, na macho yake yakalowa. Halafu akalikunja polepole, mikono ndani, kama alivyofundishwa na mama yake mwenyewe siku ya kulirudisha.

"Mutoto wangu, iyi haiko ya kwenu peke yenu. Mutu ananunuaka kitu ya kuazima? Nikiinunua, batasema Fikiri amefungia batoto ya benzake mulango ya ndoa. Na weye, unatafuta nini? Telefone mupya?"

"Hapana, tonton."

"Mosi anajua?"

"Anajua."

"Muongo! Mosi hawezi. Rudisha mu sanduku, kabla nikuite mwizi wa mama yako."

Maneno yalipanda hadi kwenye meno ya Salwa: mama anaumwa, dawa inaisha keshokutwa. Maneno hayo tu. Mtu anayetoa sadaka kila Ijumaa asingemwacha aondoke mikono mitupu, na Salwa alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Lakini alikuwa ameagizwa, na aliyemwagiza amelala kitandani, na katika nyumba yao hubishani na mtu aliyelala. Aliyameza. Fikiri alimgeuzia mgongo, akaanza kupanga vitenge vilivyokwisha kupangwa.

Basi akapanda Kadutu.

Maman Clémence alikuwa amekaa juu ya lundo la nguo za balo kama malkia juu ya kiti chake. "Yee! Padri amekufa?" alipiga kelele. "Iyi ni soutane ya padri ama rido ya dirisha?"

Wauzaji wenzake wakaangua kicheko.

"Ni joho," Salwa alisema. "Nguo ya arusi. Ya zamani sana."

"Naona. Hata panya alikula arusi." Clémence alipitisha kidole kwenye tundu la nondo, akakichezesha upande wa pili kama funza. Wanawake walikufa kwa kucheka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, maana hakuwa mtu mbaya: "Maman, mie nauzisha nguo ya kuvaa kesho. Iyi atavaa nani, aende nayo wapi? Niachie. Nitakata mikono, nishonee batoto kofia ya baridi. Franka elfu tano."

"Na uzi ya dhahabu?"

"Dhahabu iko mu migodi ya Shabunda, maman!"

Salwa mwenyewe alicheka. Kicheko kilimtoka, akakishangaa, akalifunga furushi akateremka kilima.

Palibaki kwa Papa Philémon, kule Labotte, anayenunua vinyago, shaba na kila kitu kilichosahauliwa na wenyewe. Huyu hakucheka wala hakugomba, na hapo ndipo Salwa alipoumia zaidi. Aliwasha tochi ya simu, akageuza shingo ya joho ndani nje, akafuata uzi kwa ukucha kama mtu anayesoma barua.

"Kazi ya mukono," alisema. "Iko na miaka mia na zaidi. Ungeniletea mwaka juzi, kulikuwa muzungu moja wa shirika, angekupa dola mia tano bila kushuka mu gari."

"Na sasa?"

"Sasa yeye iko Nairobi. Mie niko hapa na vinyago, tunaangaliana."

Alizima tochi.

"Iko mutu moja Kigali. Anatiaka mambo ya namna hii mu cadre, nyuma ya kioo, kwa ukuta ya hoteli. Lakini anataka shingo na kifua tu. Ingine yote imekuliwa. Trente-cinq dollars, dola makumi tatu na tano."

Chupa tatu za dawa, basi.

"Ichukue nzima, papa. Isikatwe."

"Nzima nitaivukisha mupaka namna gani? Na nikiivukisha, yeye hanunue matundu."

Salwa alifikiria kulipeleka Uvira, kwenye familia za zamani kama yao. Lakini njia ya huko, ya Kamanyola, mwezi ule ilikuwa ya bunduki, na hakuna mzazi anayemtuma mtoto kufa kwa ajili ya nguo. Alifikiria kurudi kwa Fikiri. Alitembea hadi mlangoni kabisa, akasimama akitazama kilima cha Nyawera, akaipanga sentensi: tonton, nilikuficha. Angelia, Fikiri naye angelia, angetia mkono mfukoni. Na Ijumaa, msikitini, habari ingetembea safu kwa safu kwamba kina Tambwe sasa wanaomba, na ingefika kitandani kwa Maman Mosi kabla ya jua kuzama. Salwa hakujua kipi kingemuua mama yake haraka zaidi.

Alirudi ndani.

"Kata," alisema.

Mkasi wa Philémon ulikuwa wa karatasi, ukashindwa. Ikabidi aazime wa fundi cherehani jirani. Hata ule ulikwama kwenye uzi wa kwanza.

"Shika hapa kwa mabega, maman. Vuta kidogo. Isikunjike."

Salwa alishika. Nyuzi zilikuwa zinakatika mmoja mmoja kwa mlio mkavu, na kila mlio aliusikia mikononi kabla ya masikioni. Haikuchukua muda mrefu. Philémon aliifunga shingo na kifua ndani ya gazeti, akahesabu noti, kisha akainua kile kilichobaki, mikono miwili na mgongo wenye matundu.

"Iyi ingine nikufungie?"

"Funga," Salwa alisema. "Lakini kunja vizuri, papa, upande ya shingo ijae. Nitamuambia Mama haikuuzwa, mushahara ndio ilitoka. Haone vizuri siku hizi. Anapapasaka."

Philémon alimtazama. Akainama kutafuta kamba.